Jiwe la Dario Mlangoni kwa Thanasi

Habari ya makaburi ililetwa na Joya Ijumaa jioni, akitoka kwenye foleni ya mkate na kikapu kitupu. Mama yake, Palomba, alikuwa jikoni akikifunga chungu cha maharage ya Sabato kwa blanketi kuukuu. Zamani chungu kama kile kingelala juu ya makaa mpaka kesho yake mchana, na ndani yake mayai yaliyochemshwa na maganda ya vitunguu hadi yawe na rangi ya udongo. Mwaka huo wa arobaini na mbili, majira ya pili ya baridi tangu Wajerumani waingie Salonika, makaa hayakuwepo na mayai yalikuwa ya kusimuliana. Maganda ya vitunguu Palomba aliyatia vilevile, kwa ukaidi tu.

"Mama, wanavunja makaburi," Joya alisema.

"Ya nani?"

"Yetu. Yote. Tangazo limebandikwa mlangoni kwa sinagogi. Anayetaka kumhamisha mtu wake amhamishe upesi, kuna kiwanja kidogo wametupa nje ya mji. Vibarua wameshaandikwa, mamia."

"Na Dario?"

"Dario si yumo humo humo, Mama."

Palomba aliiachia ncha ya blanketi. Dario alikuwa mwanawe wa kwanza. Mwaka juzi alivaa sare ya jeshi la Ugiriki akaenda kupigana na Waitalia kwenye milima ya Albania, na milima hiyo ikamrudisha nyumbani bila miguu. Baridi ya theluji ilikuwa imeiozesha ndani ya viatu, madaktari wakaikata juu ya vifundo, na bado haikusaidia. Alizikwa safu ya kwanza karibu na lango, pamoja na askari wenzake. Jiwe lake lilikuwa marumaru nyeupe kabisa, na baba yake alilibeba mwenyewe mgongoni kutoka kwa mchongaji hadi kaburini, akakataa kusaidiwa.

Baba huyo, Liau Pesah, alikuwa chumbani amekaa kitandani, anasubiri kuitwa mezani. Alikuwa hamali wa bandari, mtoto wa hamali, mjukuu wa hamali. Ukutani juu ya kichwa chake lilining'inia tandiko lake la ngozi, lile wanalovaa mahamali mgongoni ili mzigo usiwachubue. Tandiko lilikuwa halijashuka kwenye msumari tangu mwezi wa saba.

"Umesikia?" Palomba alimwuliza.

"Nimesikia."

"Basi vaa koti twende."

"Twende wapi, Mama Dario? Jua limezama, Sabato imeingia. Mishumaa umewasha mwenyewe kwa mkono wako."

"Kesho, basi."

"Kesho ni Sabato."

"Najua kesho ni nini! Nani kakuuliza kesho ni nini? Nimesema twende tukamtoe mtoto."

Liau aliinua mkono taratibu. Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Watu wanaobeba piano mgongoni hujifunza kutunza pumzi. "Nisikilize. Tutakwenda Jumapili alfajiri. Jumapili hakuna atakayegusa sururu pale. Makaburi yote yatakuwa yetu, tutamtoa mtoto kwa utulivu, na sala zake, kama watu."

"Nani kakwambia hawatagusa?"

"Sheria ya Wagiriki wenyewe imeniambia. Umesahau? Sisi bandarini tulikuwa tunapumzika Jumamosi, bandari nzima. Meli ya mfalme yeyote ikiingia Ijumaa jioni ilitia nanga ikangoja mpaka nyota zitoke Jumamosi usiku. Halafu wakaja na sheria kwamba ni lazima kila mtu afunge Jumapili. Baba yangu alipigwa faini kwa kusukuma mkokoteni mtupu Jumapili, mkokoteni mtupu! Leo hao hao wavunje makaburi Jumapili? Makasisi wao watawafukuza kwa mafagio."

"Na Wajerumani? Wao waliwaita uwanjani siku gani? Haikuwa Jumamosi ile?"

Hapo alimgusa penye kidonda. Mwezi wa saba wanaume wote wa Kiyahudi wa mji waliitwa uwanjani siku ya Sabato, wakasimamishwa juani vichwa wazi toka asubuhi, na wale waliozimia walimwagiwa maji wakaamriwa kubiringika kwenye vumbi, huku watu wakipiga picha madirishani. Liau alibiringishwa mara mbili. Kutoka uwanjani alipelekwa kuvunja mawe ya barabara, akapata malaria, na wakati jumuiya ilipowalipia fidia wakarudishwa, mke wake alimfungulia mlango akamwuliza, "Unamtaka nani?"

"Jumamosi ile waliniibia," Liau alisema. "Hii siwapi kwa mkono wangu. Usiniombe, Mama Dario."

Palomba alikiangalia chungu, akamwangalia Joya, akaiangalia mishumaa. Angeweza kwenda peke yake. Jambo hilo lilimtafuna baadaye, kwamba sururu ya jirani ilikuwa pale nyuma ya mlango na miguu alikuwa nayo. Lakini na yeye alikuwa binti wa nyumba ya Sabato, na miaka yote arobaini na tatu ya maisha yake hakuwahi kuwasha hata kijiti cha kiberiti siku hiyo. Alikaa. Walikula maharage yenye ladha ya maganda.

*

Jumapili walitoka mara tu watu waliporuhusiwa kutembea barabarani, Liau na sururu, Palomba na shuka nyeupe, Joya na chupa ya maji. Walikatiza mji mzima. Kengele za makanisa zilikuwa zinalia, na Liau kila aliposikia kengele aligeuka kumtazama mke wake, kama anayesema, umesikia?

Kabla ya kufika langoni walisikia kitu kingine. Nyundo. Nyundo nyingi mno, kama soko la wahunzi.

Lango halikuwepo. Ukuta ulikuwa umebomolewa kupisha mikokoteni, na safu ya kwanza yote, safu ya askari, ilikuwa imegeuzwa barabara. Vibarua waliletwa kwa malori tangu giza, wakafanya kazi kwa taa. Walikuwa kila mahali, wamevua makoti, misalaba yao midogo ikicheza shingoni kila walipoinua nyundo. Mawe mazima yalipakiwa mikokotenini. Yaliyovunjika yalirundikwa upande. Na upande mwingine, chini ya mabaki ya ukuta, walirundika waliokuwa chini ya mawe.

Liau alimwendea msimamizi, mtu mnene mwenye kofia ya sufu na penseli sikioni.

"Leo Jumapili, bwana," alimwambia. Sauti ilikuwa ya mtu anayemkumbusha mwenzake jambo alilopitiwa. "Bwana, leo ni Jumapili!"

"Naijua Jumapili, mzee. Ndiyo maana malipo ni maradufu."

"Lakini sheria..."

"Sheria gani? Ya maduka? Hapa unaona duka?" Msimamizi aliwacheka, si kwa ubaya hata, alicheka tu kama mtu aliyesikia kichekesho kizuri asubuhi. "Mnamtafuta nani? Safu hii? Mlikuwa wapi jana? Jana hapa palikuwa kimya, hata paka hayupo. Wenzenu wachache walikuja jana wakachukua watu wao vizuri kabisa. Sasa nendeni pale kwenye rundo, mchague."

Mchague. Palomba alilibeba neno hilo mpaka mwisho wa siku zake, na Mungu anajua hazikuwa nyingi.

Alipiga magoti kwenye rundo. Hakulia, hasira ilikuwa imeziba njia ya machozi. Pembeni yake kibarua kijana alikuwa amechuchumaa na koleo, akifungua taya moja baada ya nyingine kutafuta meno ya dhahabu, na Palomba alimpiga ngumi ya bega akaanguka kitako. "Toka! Toka, mwana wa fisi!" Yule kijana alisogea hatua chache, akaendelea.

Angemjua Dario kwa miguu. Alisema hivyo kwa sauti, kwa Joya, kama anavyosema mtu anayetafuta nguo katika nguo nyingi. Mifupa ya miguu inayoishia juu ya kifundo, imekatwa kwa msumeno, sawasawa. Na kweli alimpata. Alimtambua, akafunika mdomo kwa mkono wenye udongo, akaanza kumkusanya kwenye shuka, kichwa kwanza.

"Mama," Joya alisema.

"Nishikie shuka."

"Mama, na huyu."

Joya alikuwa ameshika mfupa wa mguu, umekatwa pale pale, kwa msumeno ule ule. Hakuwa Dario peke yake aliyeiacha miguu Albania. Palomba aliiangalia mifupa hiyo miwili muda mrefu, akaipima kwa kiganja, akainusa hata, kama kichaa. Ilikuwa na urefu mmoja. Alimwita Liau, aliyekuwa amesimama bado mbele ya msimamizi kama aliyesahauliwa hapo, na Liau alikuja, naye hakujua.

"Yupi ni kaka?" Joya aliuliza.

"Tandaza shuka vizuri," Palomba alijibu. "Wote wawili wanatosha."

Waliwazika pamoja kwenye kile kiwanja kidogo nje ya mji, shimo moja, bila jiwe. Liau alichomeka ubao. Njiani kurudi Palomba alitangulia mbele, na tangu siku hiyo hakumwambia mumewe neno. Alimtengea chakula, alimkanda miguu kwa maji ya moto, alimfunika alipotetemeka kwa homa. Neno hakumpa. Liau hakuomba, aliyapokea yote akiwa ameinamisha kichwa, akajua stahili yake.

*

Palomba alikuwa akifua vitambaa vya meza vya tavana ya Bwana Thanasi, nyumba ya divai na chakula karibu na stesheni. Tavana hiyo ndiko Liau na mahamali wenzake walikokunywa divai kwa miaka ishirini, na mapipa yote yaliyoingia ndani yake yaliingia mgongoni kwa Liau. Dario alifundishwa kucheza dama kwenye meza ya karibu na jiko. Wakati wa njaa kubwa Thanasi aliwahi kuwapa gunia la dengu bila kudai chochote. Hayo lazima yasemwe, maana ni kweli, na yanazidi kuudhi.

Alhamisi alipokwenda kuchukua nguo chafu, alikuta kizingiti kipya. Cha zamani kilikuwa cha matofali, kimelika katikati. Hiki kilikuwa bamba moja la marumaru, pana, jeupe, limelala laini kwenye saruji mbichi. Palomba alikuwa ameshainua mguu kukikanyaga alipoiona kona ya kushoto. Ilikuwa imemeguka, kipande cha ukubwa wa yai. Siku ya kulishusha jiwe la Dario kamba iliteleza, kona ikagonga ardhi, na Liau, ambaye hakuwa ametoa chozi maziko yote, alilia kwa ajili ya kona.

Aliurudisha mguu nyuma.

"Ingia, Mama Dario, ingia!" Thanasi aliita toka ndani, akijifuta mikono kwenye aproni. "Baridi inaingia. Unaonaje mlango wangu? Kama wa benki, eh?"

"Hili jiwe limetoka wapi?"

"Limetoka kunakotoka mawe." Kisha akauona uso wake, akateremsha sauti. "Mama Dario, mji mzima unanunua. Kanisa linanunua, shule inanunua. Kama si mimi, angenunua mwingine, akalifanyia choo. Mimi nimeliweka mlangoni."

"Umeligeuza."

"Nimelilaza kifudifudi. Kwa heshima! Sikutaka mtu akanyage maandishi."

"Uliyasoma?"

Thanasi alijikuna shingo. Nyuma yake wateja wawili walikuwa wameacha kutafuna.

"Uliyasoma, Bwana Thanasi?"

"Walilileta jioni, kulikuwa na giza..."

"Dario amekula mezani kwako. Ulimwita mwanangu. Alipokwenda Albania ulimfungia soseji kwenye karatasi, ukamwambia awapige Waitalia kofi moja kwa niaba yako. Umemkanyaga tangu lini? Jumatatu? Jumanne?"

"Punguza sauti, mama. Ni vita."

"Nipe jiwe langu."

"Nipe, nipe! Nimelilipia. Nina kibali chenye muhuri wa Wajerumani. Atakayelitoa hapa atajibu kwao, si kwangu. Mimi sina ubaya na nyinyi." Akafikiri, na kwa sababu kufanya biashara kulikuwa kama kupumua kwake, akaongeza, "Lete debe moja la mafuta ya zeituni, bei niliyonunulia, faida sitaki. Nitaona cha kufanya."

Debe la mafuta. Mwaka huo nyumba ya Liau Pesah ilipaka kikaango kwa manyoya ya bata yaliyochovywa kwenye kijiko kimoja cha mafuta, na kijiko hicho kilikaa mwezi. Thanasi alilijua hilo. Aliupangusa uso wake kwa viganja viwili akarudi jikoni, na mke wake akatoka na furushi la vitambaa vichafu, akalisukuma kwa Palomba bila kumtazama. Palomba alilipokea. Alizunguka akapita mlango wa nyuma, wa jikoni, akalibeba furushi nyumbani, akavifua vitambaa vyote, akavipiga pasi. Hilo pia lilimtafuna.

Usiku wa siku hiyo ndipo alipomsemesha mumewe.

"Nimelipata jiwe," alisema.

Liau aligeuka kitandani taratibu mno, kama anaogopa neno lisije likaruka.

"Liko mlangoni kwa Thanasi. Watu wanapangusia viatu."

Liau alikaa. Halafu akasema, "Thanasi Jumapili huenda kanisani. Yeye na mkewe na shemeji zake wote. Hafungui mpaka mchana."

"Una uhakika?"

Swali hilo lilikuwa na meno, na wote wawili waliyasikia. "Huyu nina uhakika," Liau alisema. "Yeye halipwi maradufu."

*

Jumapili kengele zilipolia walikuwa mlangoni kwa Thanasi, wote watatu. Mtaa ulikuwa mtupu. Liau alikuwa amelishusha tandiko msumarini, akalipaka mafuta ya ngozi yaliyobaki, akalivaa juu ya koti. Lilimpwaya. Zamani Palomba alikuwa akimfunga mikanda kwa kuvuta. Siku hiyo aliikunja mara mbili.

Saruji ilikuwa haijakaza, kwa ubahili wa Thanasi, mchanga mwingi. Liau aliingiza mtaimbo chini ya bamba, akamwonyesha Joya pa kuweka kabari, akamwonyesha Palomba pa kushika. Akatoa amri fupi fupi kwa sauti yake ya bandarini ambayo nyumba ilikuwa haijaisikia tangu kiangazi. "Pandisha. Shika. Usivute, ongozana nalo. Lenyewe linataka kusimama, liachie." Jiwe lilisimama. Liau aligeuka, akapiga magoti, akaegemeza mgongo, akapitisha kamba.

"Nilegezeeni."

Walimlegezea. Uzito ukamkalia.

Mtu aliyewahi kumwona Liau Pesah akinyanyuka na kabati la milango mitatu angesimama amtazame. Alivuta pumzi, akakaza shingo, akapandisha goti la kulia. Likafika nusu. Mguu ukaanza kutetemeka, kwanza kidogo, kisha wote, kama wa mbuzi aliyezaliwa sasa hivi, na Liau akarudi chini.

"Subirini," alisema. "Pumzi tu."

Mara ya pili hakufika hata nusu. Mara ya tatu alitoa sauti ambayo Joya hakuwahi kuisikia ikitoka kwa baba yake, akaziba masikio. Liau alibaki amepiga magoti, jiwe la mwanawe mgongoni, paji la uso karibu na ardhi.

"Mgongo wangu," alisema. "Mama Dario, wameubakiza kule barabarani. Nilibeba piano. Nilibeba mashine ya uchapishaji, peke yangu. Na huyu alikuwa hana hata uzito wa..." Hakumaliza.

Palomba alimfungua kamba. Wakasaidiana kuliegemeza jiwe mlangoni, na Liau akatoka chini yake. Hapo ndipo jua la asubuhi lilipoyapiga maandishi. Juu yalikuwa ya Kiebrania, jina na dua. Chini yalikuwa ya Kigiriki, na Palomba alikumbuka jinsi walivyogombana siku ya kuyaagiza. Yeye alisema Kigiriki ni gharama bure, wanaokwenda kuzuru makaburi yale ni sisi kwa sisi. Liau alishikilia. Acha nao wasome, alisema. Hapa amelala Dario mwana wa Liau Pesah, askari. Alikufa kwa ajili ya Ugiriki, 1941.

"Lirudishe," Palomba alisema.

"Nini?"

"Pale pale lilipokuwa. Ila uso juu."

Liau alimtazama mke wake, kisha jiwe. Kitu fulani kilimrudia usoni, kitu kidogo chenye ukorofi. Alichukua mtaimbo. Kulaza jiwe si sawa na kulibeba. Kulaza ni akili, na akili hawakumchukulia. Walililaza likakaa sawasawa, Joya akajaza saruji pembeni kwa kiganja, na Palomba akavua kitambaa cha kichwa, akakichovya kwenye chupa ya maji, akalifuta jiwe herufi moja moja.

Thanasi aliporudi kutoka kanisani, suti nyeusi, mkewe na kofia yenye manyoya, watu walikuwa wameshajaa mlangoni kwake. Hakuna aliyeingia. Mmoja alikuwa mwanajeshi wa zamani mwenye magongo, suruali imekunjwa na kubanwa na pini chini ya goti. Aliyasoma maandishi kwa sauti, mara mbili, akamtemea mate Thanasi miguuni, akageuka. Na walevi wa mtaa, ambao hawana adabu hata kwa mfalme, waliimba, "Thanasi! Umemzika nani mlangoni? Divai yako imeua tena?" Wiki hiyo watu walikunywa kwenye tavana ya ng'ambo ya barabara.

Alijaribu kuligeuza mwenyewe na shemeji zake, wakaponda kidole cha mmoja. Ndipo akatafuta mahamali. Alimwendea wa kwanza, na huyo akasema, "Mgongo unaniuma, Bwana Thanasi." Wa pili mgongo ulimuuma pia. Bandari nzima ya Salonika iliumwa mgongo wiki moja, watu waliokuwa tayari kubeba ngamia kwa kipande cha mkate. Mwishowe alikuja nyumbani kwa Liau, na debe la mafuta ya zeituni mkononi, limejaa, limefungwa kamba.

"Ligeuzeni tu," alisema. "Hili lenu."

Joya alilitazama debe, akameza mate. Hakuna aliyekula tangu jana yake.

"Tupe jiwe tulitoe kabisa," Palomba alimwambia, "na mafuta yako uondoke nayo."

"Jiwe nimelinunua, mama! Mnataka kunivunjia mlango? Naweza kuwaambia Wajerumani."

"Waambie. Waambie tumekuja kwako tukalifuta vumbi."

Thanasi alimgeukia Liau, mwanaume kwa mwanaume. Liau alikuwa kitandani, homa imempanda, macho yanang'aa. Alijishika kiuno akatikisa kichwa kwa huruma kubwa.

"Mgongo, ndugu yangu," alisema. "Mgongo."

*

Mwezi wa tatu walifungiwa mtaa wao, wakashonewa nyota za manjano kifuani, kisha wakaitwa mtaa kwa mtaa kwenda stesheni. Waliambiwa wanapelekwa Polandi kufanya kazi, wakapewa na hela za huko, karatasi mpya kabisa. Waliambiwa wachukue nguo za baridi. Liau alichukua tandiko. Palomba alimwuliza la nini, akasema huenda huko wana mizigo.

Njia ya stesheni ilipita mbele ya tavana. Msafara ulijaza barabara, wazee, vitoto, vyungu vimefungwa kwenye mashuka, na pembeni askari na bunduki. Watu wa mji walisimama kwenye milango yao. Wengine walilia, wengine walikuwa wameanza kuangalia madirisha ya nyumba zilizobaki tupu. Thanasi alikuwa mlangoni kwake, mikono ndani ya aproni.

Palomba aliliangalia jiwe toka mbali na hakuliona. Kizingitini palikuwa na busati. Busati jekundu, nene, la nyumbani kwa watu, limetandikwa kwa unadhifu kutoka kona hadi kona. Wateja walikuwa wamerudi. Ndani kulisikika kete za dama.

"Joya, shika hili," alisema, akampa bintiye furushi.

"Mama, usitoke kwenye mstari! Mama!"

Alishatoka. Askari alipiga kelele, na Palomba hakugeuka. Alifika mlangoni kwa Thanasi, akainama, akashika ncha ya busati akalivuta kwa nguvu zote za mikono iliyofua vitambaa vya nyumba ile, akalitupa katikati ya matope ya barabara, mbele ya miguu ya msafara. Thanasi alirudi nyuma akagonga mlango.

"Mama Dario, nakusihi, watakupiga risasi..."

"Usilifunike tena," Palomba alimwambia.

Kitako cha bunduki kilimpata begani, akapepesuka, akarudi mstarini. Liau alimdaka, akampitisha mkono kiunoni, na mara hii alimshikilia vizuri. Nyuma yao watu waliendelea kuja. Waliokuwa mbele walilikanyaga busati likazama matopeni, na wote, mmoja mmoja, walipofika mlangoni kwa Thanasi waligeuza vichwa wakasoma. Waliosoma Kiebrania walisoma Kiebrania, na wasiojua walisoma Kigiriki. Thanasi alisimama juu ya jina, hana pa kuweka miguu yake, na msafara ulikuwa mrefu, ulipita pale mpaka mchana.